Kabla ya kuuza mitumba mtandaoni, uliza pesa zitapitia wapi

Wateja wetu wanaouza nguo na viatu vya mitumba, simu na fanicha zilizotumika hutuuliza swali moja mara kwa mara: niweke mali yangu wapi? Jiji? Facebook Marketplace? TikTok? Ama nibaki tu na status ya WhatsApp? Ushauri wanaopata huko nje huwa wa aina mbili. Wengine huambiwa waende penye watu wengi. Wengine huambiwa wawe kila mahali.

Sisi hatukubaliani na ushauri huo wote. Kwa mtu anayeuza bidhaa zilizotumika kama kazi ya kulipa rent na karo, swali la kwanza linafaa kuwa la pesa. Kutoka wakati mteja anakuandikia "nimechukua" hadi wakati unaweza kutumia pesa zake kununua mali nyingine, pesa hizo ziko wapi? Na jambo likiharibika katikati, nani anaumia? Kama huwezi kujibu maswali hayo kuhusu soko fulani, usipeleke mtaji wako huko, hata kama kila mtu unayemjua yuko huko.

Utasema mwamba ngoma huvutia kwake: sisi ni kampuni ya malipo, lazima tuongee malipo. Ni kweli. Lakini soma hadi mwisho, kisha ufanye hesabu na kalamu yako mwenyewe.

Mitumba haiuzwi kama bidhaa mpya

Anayeuza chaja mpya akipata wateja kumi, anatoa chaja kumi kutoka kwa katoni. Wewe ukifungua robota hapo Gikomba, Kongowea au Kibuye, kila kipande ni kimoja. Koti la kamera lenye rangi ile na saizi ile liko moja. Likienda, limeenda. Chini ya robota pia kuna fagia, ambayo lazima itoke hata kama ni kwa bei ya kutupa.

Jambo hilo linabadilisha kila kitu. Ukiweka koti moja kwenye masoko manne kwa wakati mmoja, siku moja utaliuza mara mbili. Mteja wa pili ametuma pesa, sasa unamrudishia na gharama ya kutuma ni yako. Mbaya zaidi, anaenda kuandika kwenye komenti kwamba wewe ni mkora. Hukuiba kitu, ila ulikuwa mahali pengi kuliko mali uliyo nayo.

Pia mitumba ina kasoro. Kifungo kimelegea, zipu inakwama, simu ina mkwaruzo kwa kioo. Kwa hivyo maswali ni mengi, na uwezekano wa mteja kurudisha ni mkubwa kuliko kwa kitu kilicho ndani ya boksi. Soko linalomruhusu mnunuzi kurudisha bidhaa kirahisi linaweza kumfaa sana muuzaji wa vitu vipya na likakumaliza wewe.

Aina tatu za masoko, ukiyaangalia kwa jicho la pesa

Kuna masoko ya matangazo. Jiji na Facebook Marketplace ziko hapa. Unaweka picha, mtu anakupigia au anakuandikia, mnakubaliana bei, na malipo ni kati yenu wawili. Tangazo la kawaida unaweza kuliweka bila kulipa, halafu ukitaka lionekane zaidi unalipia. Pesa haziingii mikononi mwa soko hata kidogo. Uzuri wake ni kwamba unalipwa siku hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba mkikosana hakuna refa.

Kuna masoko yanayosimamia mauzo yenyewe, kama Jumia. Mteja analipa kupitia kwao ama analipa bidhaa ikifika, wao wanakata kamisheni, na wewe unapokea zako baadaye kulingana na ratiba yao. Hapa refa yuko, lakini refa analipwa, na filimbi ni yake. Masoko haya yamejengwa zaidi kwa ajili ya bidhaa mpya zenye idadi.

Halafu kuna ukurasa wako mwenyewe: Instagram, TikTok, WhatsApp. Unauza kwa watu wanaokufuata. Unapiga live, unainua nguo, wa kwanza kuandika kwenye komenti ndiye anachukua. Pesa zinakuja moja kwa moja kwako, lakini kazi yote ya kuleta watu ni yako, na status ya WhatsApp inapotea baada ya saa 24.

Huko Ulaya, ambako baadhi ya nguo hizi hutoka, programu ya Vinted hushika pesa za mnunuzi hadi apokee nguo na kukubali kwamba iko sawa. Mnunuzi hulipia ulinzi huo. Hapa kwetu, sehemu kubwa ya biashara ya mitumba mtandaoni haina mtu wa katikati anayeshika pesa. Kwa hivyo ulinzi huo lazima uutengeneze wewe, kwa masharti yako ya malipo. Ndiyo sababu tunasema uchaguzi wa soko na uchaguzi wa njia ya kulipwa ni uamuzi mmoja.

Hesabu ya makoti kumi

Tuchukue mfano. Umenunua makoti kumi ya kamera kwa shilingi 350 kila moja. Kufua na kupiga pasi ni shilingi 50 kwa koti. Mtaji wako ni shilingi 4,000. Unataka kuuza kila koti kwa shilingi 900.

Soko la kwanza ni la matangazo, mteja analipa koti likifika. Oda ni kumi. Wawili hawashiki simu mtu wa boda akifika kwa geti. Safari ya kwenda na kurudi inakugharimu shilingi 250 kwa kila mmoja wao. Umeuza makoti manane, yaani shilingi 7,200. Toa 500 za boda, toa 4,000 za mtaji. Umebaki na faida ya shilingi 2,700, na makoti mawili bado yako.

Soko la pili linakata kamisheni, tuseme asilimia 15. Oda ni kumi, koti moja linarudishwa. Umeuza tisa, shilingi 8,100. Kamisheni ni 1,215. Mifuko ya kufungia ni shilingi 30 kwa kila oda, jumla 300. Toa mtaji wa 4,000. Faida ni shilingi 2,585, na koti moja limerudi.

Tofauti ya faida ni shilingi 115. Mtu anaweza kusema, basi afadhali la pili, halina kelele za boda. Lakini angalia saa. Soko la kwanza limekupa pesa wiki hiyo. Kama soko la pili linalipa baada ya wiki mbili, kwa muda huo wewe ungekuwa umerudi sokoni na kuzungusha mtaji mara mbili. Biashara ya mitumba inaishi kwa mzunguko. Robota zuri likifunguliwa Jumanne asubuhi halingoji pesa zako zitoke kwa mtu Ijumaa ya wiki ijayo. Wenye pesa mkononi wanachagua kamera, wewe unaachiwa fagia.

Nambari hizi ni za mfano tu. Weka zako. Kama soko lako la kamisheni linalipa haraka na wateja wako wa matangazo ni wale wa kuzima simu, jibu litageuka. Tunachokuomba ni kwamba usichague bila kuzifanya.

Omba pesa za kutuma mzigo kwanza

Kuna jambo moja dogo ambalo tunaamini lina nguvu kuliko kubadilisha soko. Kabla mzigo haujaondoka, mwambie mteja alipe gharama ya kutuma, shilingi 200 kwa mfano, kwa till yako. Bei ya koti atalipa likifika mkononi na akiliona.

Rudi kwa hesabu ya kwanza. Wale wawili waliozima simu sasa wamekwisha kulipa 200 kila mmoja. Hasara yako kwao inashuka kutoka shilingi 500 hadi shilingi 100. Faida inapanda hadi shilingi 3,100, bila kuongeza mteja hata mmoja. Na kusema ukweli, wengi wa wale ambao hawakuwa na nia ya kununua watapotea pale unapotaja hizo 200, na boda haitaondoka kabisa.

Tunajua pingamizi. "Mteja wa Kenya hawezi kulipa kabla ya kuona." Ana sababu, maana wengi wameshatuma pesa wakablokiwa. Ndiyo maana hatupendekezi umdai bei yote mapema kama bado hakujui. Shilingi 200 ni hatari ndogo kwake na ni kinga kubwa kwako. Mnagawana hofu. Akishanunua kwako mara tatu, mwenyewe atatuma zote na kukuambia utume na mtu wa boda.

Kanuni hiyo pia inamaliza ugomvi wa kipande kimoja. Aliyesema "niwekee" hajachukua. Aliyelipa pesa za kutuma ndiye mwenye koti. Akishalipa, toa tangazo mara moja, kote ulikoliweka.

Na wewe mpe sababu ya kukuamini. Pima nguo kwa tepu na uandike inchi, kwa sababu "medium" ya Italia na "medium" ya China hazivaliki na mtu mmoja. Piga picha ya kasoro, usiifiche kwa kukunja. Tumia till yenye jina la biashara linalofanana na jina la ukurasa wako. Mteja huona jina kabla malipo hayajakamilika. Akiona jina la mtu asiyemjua kabisa, anasita, na ana haki.

Pale wakora wanaposimama

Kila aina ya soko ina mlango wake wa wizi. Ukichagua soko, umechagua pia wakora wake, kwa hivyo wajue.

Kwenye matangazo kuna "mnunuzi" ambaye haulizi saizi wala rangi. Anasema amelipa tayari, ila ili upokee pesa ufungue linki na kuweka PIN yako. Tusikilizane vizuri hapa: kupokea pesa hakuhitaji PIN. Hata siku moja. PIN ni ya kutoa. Anayekuomba PIN ili akutumie pesa anataka kuchukua zako.

Pale sokoni au kwa geti kuna mwenye ujumbe wa uongo. Simu yako inalia, SMS inasema umepokea shilingi 900, mteja amekwisha kushika koti na boda inanguruma. Usiangalie SMS peke yake. Angalia salio au orodha ya malipo ya till yako kwa programu. Ikiwa pesa haziko hapo, hazijafika. Kama umemtuma mtu wa boda, muelewane kwamba haachilii mzigo hadi umpigie simu na kumwambia "zimeingia". Mteja mwaminifu hatakosa dakika moja ya kungoja.

Halafu kuna anayelipa vizuri, anachukua mali, kisha anaripoti kwamba alituma pesa kimakosa na anataka zirudishwe. Dawa yake ni kumbukumbu. Weka mazungumzo, picha ya bidhaa, na risiti ndogo hata kama ni ya kuandika kwa mkono. Ukipigiwa na huduma kwa wateja kuhusu malipo hayo, una kitu cha kuonyesha. Asiye na rekodi hubaki kuapa.

Wauzaji wa simu zilizotumika wana mzigo wa ziada. Kabla ya kununua simu ili uiuze tena, bonyeza *#06# na uandike nambari ya IMEI pamoja na jina na nambari ya kitambulisho ya anayekuuzia. Kushika mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na maneno "niliinunua kwa mtandao" hayatakusaidia sana ukiwa huna karatasi.

Soko la mtandaoni ni kibanda cha kukodi

Mwaka 2019 Jiji ilinunua biashara ya OLX hapa Kenya. Watu waliokuwa wamezoea OLX walijikuta kwenye soko lingine, na mwenye soko hakuwahitaji kwenye mkutano wa kuamua. Hatusemi ilikuwa mbaya. Tunasema kibanda hicho si chako. Mwenye soko anaweza kupandisha bei ya matangazo, kubadilisha masharti, au kufunga akaunti yako kwa sababu mtu amekuripoti.

Kilicho chako ni viwili: wateja wanaokujua, na rekodi yako ya mauzo.

Kwa wateja, waombe ruhusa ya kuwahifadhi kwenye orodha yako ya WhatsApp. Waombe kweli. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwenye kibanda. Nambari uliyopewa ili utume mzigo si ruhusa ya kumjazia mtu matangazo kila asubuhi, wala ya kumpa rafiki yako anayeuza sufuria.

Kwa rekodi, mauzo yote yapitie nambari moja ya biashara, mbali na pesa zako za nyumbani. Kisha kwa daftari, kando ya kila malipo, andika herufi moja: J kwa Jiji, F kwa Facebook, T kwa TikTok, W kwa WhatsApp. Baada ya miezi miwili utajua soko linaloleta pesa na lile linaloleta "hii bado iko?" na "bei ya mwisho ngapi?" tu. Wauzaji wengi huhesabu likes. Hesabu malipo.

Rekodi hiyo pia itakuhitaji mbele ya KRA. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo ambayo wengi huiita TOT ni asilimia 3, kwa biashara ambazo mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni 1 na hayazidi milioni 25. Milioni 1 kwa mwaka ni kama shilingi 83,300 kwa mwezi. Muuzaji wa mitumba aliyechangamka anafika hapo bila kujua. Na kumbuka kodi hii hukatwa kwa mauzo, haingoji faida. Ukiuza koti kwa 900, asilimia 3 ni shilingi 27, hata kama kamisheni na boda vimekula karibu faida yote. Hiyo 27 inafaa kuwa ndani ya bei yako kutoka mwanzo.

Basi uchague lipi?

Kama unauza fanicha, friji au kitu kizito, soko la matangazo linafaa zaidi. Mnunuzi anataka mtu wa karibu, aje aone, alipe na abebe. Pesa na mali vinabadilishana mikono kwa dakika moja.

Kama unauza simu zilizotumika, matangazo pia, lakini mkutane mahali penye watu, mchana, mteja ajaribu simu hapo hapo na alipe kwa till kabla hamjaachana.

Kama unauza nguo na viatu, ukurasa wako ndio nyumbani, na soko moja la matangazo liwe barabara ya kuleta wageni. Soko moja. Likikubali, ongeza la pili baada ya miezi mitatu.

Kama umepata mzigo wa vitu vinavyofanana, tuseme mashuka mia moja ya hoteli yenye saizi moja, au huna mtu wa boda unayemwamini na hufuatwi na mtu yeyote, soko la kamisheni lina maana. Refa wao anakupa imani ambayo bado hujaijenga. Ila kabla ya kujiunga, soma mambo matatu kwenye masharti yao: asilimia wanayokata kwa aina ya bidhaa yako, siku wanazokulipa, na nani analipia usafiri bidhaa ikirudishwa. Kama la tatu halieleweki, piga simu uulize. Wakishindwa kukujibu ukiwa bado mgeni, watakujibu vipi wakiwa wameshika pesa zako?

Wiki hii, chukua mali kumi uliyouza mwisho. Andika bei ya kununua, bei ya kuuza, kila shilingi iliyotoka katikati, na siku ngapi zilipita kabla pesa hazijawa zako. Dakika ishirini zinatosha. Ukimaliza, utajua soko la kubaki nalo, na pengine utagundua kuna moja ambalo limekuwa likila bando lako bure.